Esansi, kurani ao chukudu?

Banamemba, mbele koperative inunue pikipiki ya kusafirisha mboga, muhesabu kwanza mzigo wenu na njia yenu.

Esansi ya Goma inatoka mbali. Inashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, inavuka mipaka, na kila hatua inaongeza bei. Halafu injini yenyewe inageuza karibu robo tu ya nguvu ya esansi kuwa mwendo. Ingine yote inapotea kuwa joto. Mota ya kurani inageuza zaidi ya 80 kwa mia. Na kurani tunayo karibu: kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015, kinatoa megawati zaidi ya 13 kwa maji ya mto.

Lakini betri ndiyo ya kuuliza. Kilometa anazotaja muuzaji ni za mtu mmoja kwenye njia ya sawasawa. Mukiweka magunia mawili ya viazi na mlima, zinapunguka sana. Mujaribu na mzigo wenu wenyewe mbele ya kulipa. Mujue pia mutachajia wapi, na betri mpya ni bei gani.

Kushuka toka Kibumba mpaka Goma, chukudu inabeba kabichi bila esansi wala kurani: ni mbao, mpira wa matairi na mteremko, basi. Taabu iko kurudi, kuisukuma njia yote ile. Kwa hiyo kama kuna pesa ya pikipiki moja tu, muiweke kwenye kupandisha mbegu na mbolea. Kabichi zinajua kushuka.