Nyumba Inapotitia: Dalili Zake, Dawa Yake, na Habari za Bima

Ndugu Wanachama,

Katika somo la leo tunaziacha kidogo habari za mikarafuu, tuzungumze habari za nyumba. Karafuu zikiuzwa vizuri, jambo la kwanza analolifikiri mwenzetu ni kujenga, na nyumba hiyo ndiyo akiba ya umri wake. Si vyema basi mtu akajua kuutazama mti unaokauka, asijue kuitazama nyumba inayozama.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Ukuta wa ghala la chama, upande wa bondeni, ulipata ufa juu ya mlango. Tuliukumbuka msemo wa wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta, tukauziba kwa saruji na kupaka chokaa. Masika yaliyofuata ufa ukarudi, tukauziba tena. Mara ya tatu mlango ulikataa kufunga, na kona ya ghala ilikuwa imeshuka kiasi cha vidole viwili. Magunia yenu yalihamishwa usiku, na mvua inanyesha, kisha ukuta ukabomolewa. Ufa tuliziba, na ukuta tukajenga vile vile! Tena tulipokwenda kudai bima tukaambiwa kuwa bima yetu ni ya moto na wizi, na kushuka kwa ardhi hakumo. Hati ilikuwamo kabatini mwetu miaka yote, wala hatukuisoma. Gharama imetoka katika mfuko wa chama, yaani mifukoni mwenu. Kwa hiyo ni haki yenu kujua tulikosea wapi, ili asikosee mwengine nyumbani kwake.

KUTITIA NI NINI?

Kila nyumba mpya hukaa. Uzito wake huikandamiza ardhi, na nyufa nyembamba huweza kuonekana katika mwaka wa kwanza au wa pili. Hilo ni la kawaida. Kutitia ni jambo jengine: ardhi iliyo chini ya msingi inaondoka au inanywea, na msingi unaifuata. Hatari kubwa ni nyumba kushuka upande mmoja tu, kwani ukuta wa mawe au wa matofali haujui kupinda; hupasuka.

DALILI ZAKE

Si kila ufa ni ugonjwa. Nyufa kama unywele, zilizotandaa kama utando wa buibui, ni za lipu iliyokauka. Ufa wa kuogopwa huwa na alama hizi:

1. Unakwenda mshazari, aghalabu kutoka kwenye kona ya mlango au dirisha. Katika ukuta wa matofali hushuka ngazi ngazi.
2. Ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili.
3. Upana wake unazidi milimita 3, tena unaonekana ndani na nje ya ukuta mahali pamoja.
4. Milango na madirisha yanakwama hata wakati wa kiangazi, ambapo mbao hazikufura. Au sakafu inaachana na ukuta.

Ukitaka kujua kama ufa unaendelea, piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi iliyo baina yao kwa rula na kuandika tarehe. Pima tena kila mwezi, masika na kiangazi. Misumari ikizidi kuachana, ukuta unatembea. Juu ya hayo, tundika timazi kwenye kona ya nyumba uone kama ukuta umeinama.

SABABU ZAKE

Sababu kubwa kwetu ni maji. Bati lisilo na mlizamu humwaga maji yote ya masika chini ya ukuta, na maji huchukua udongo wa chini ya msingi kidogo kidogo. Bomba linalovuja chini ya ardhi hufanya vivyo hivyo, na pia karo lililochimbwa karibu mno na nyumba.

Sababu ya pili ni mahali penyewe. Kisiwa chetu ni cha vilima, na wengi wetu tunachonga upande wa kilima, kisha udongo uliochongwa tunaujaza upande wa bondeni ili kupata uwanja ulio sawa. Nusu ya nyumba hukaa juu ya ardhi ngumu, na nusu juu ya kifusi, ambacho hushuka kwa miaka. Ghala letu liliharibika kwa sababu hii. Mfano huo huo ni nyumba iliyojengwa juu ya shimo la zamani la choo au la taka.

Sababu ya tatu ni udongo wa kinamo, ambao hufura ukilowa na kunywea ukikauka. Mti mkubwa ulio karibu na ukuta huzidisha jambo hili, kwa kuwa mizizi yake huunyonya udongo maji wakati wa kiangazi. Lakini usikimbilie kuukata mti mkongwe kwa siku moja, kwani kinamo kilichozoea kunyonywa huweza kufura na kuiinua nyumba. Muulize kwanza mjuzi.

DAWA YAKE

Tiba ianze kwenye sababu, na ufa uwe wa mwisho. Kwanza yaondoshe maji: weka mlizamu, chimba mfereji wa kuyapeleka mbali, tengeneza bomba. Pili, pima ufa kama tulivyoeleza. Mara nyingi maji yakishaondoka ufa husimama, na hapo ndipo kuuziba kunapofaa.

Ukiwa haukusimama, mwite mhandisi au fundi mwashi anayeifahamu kazi ya misingi. Huenda msingi ukahitaji kuongezwa kina. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vya kiasi cha mita moja: huchimbwa chini ya msingi wa zamani, hujazwa zege, likaachwa kukauka ndipo kikachimbwa kipande chengine, nacho kisiwe kinachofuatana na cha kwanza. Anayechimba chini ya ukuta mzima kwa mara moja anajichimbia kaburi.

Ukuta ukifanya tumbo au dari likianza kuachana nao, watoeni watu kwanza, vyombo vitafuata. Sote tunaikumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 ikaanguka sehemu kubwa pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Hatusemi kuwa ilitokana na msingi. Tunasema kuwa jengo kubwa huanza kwa kuonya.

HABARI ZA BIMA

Msidhani kuwa neno bima limekusanya kila balaa. Hata huko Uingereza, kutitia kuliingizwa katika bima za nyumba mwaka 1971, na ukame wa mwaka 1976 ukaleta madai mengi. Kabla ya kutia saini, uliza mambo haya na yaandikwe:

Je, kutitia na kuporomoka kwa ardhi kumo? Nini kimetolewa? Kwa kawaida hutolewa nyumba mpya inayokaa, ujenzi mbaya, mmomonyoko wa pwani na uchakavu. Je, katika kila dai ni kiasi gani cha mwanzo ambacho mwenye nyumba hujilipia mwenyewe?

Usifiche ufa uliokuwapo; ukifichuka, dai lako huweza kukataliwa. Ufa mpya ukitokea, toa taarifa kwa maandishi mara moja, piga picha, wala usiuzibe mpaka mkaguzi auone.

Tena ikatie nyumba bima kwa gharama kamili ya kuijenga upya. Tuseme kuijenga ni shilingi milioni 40, nawe umeikatia milioni 20. Ukipata hasara ya milioni 6, huweza kulipwa milioni 3 tu, kwa kuwa nusu ya nyumba hukuikatia. Mwenye wasiwasi wa riba aulizie takafuli. Na ukiona umedhulumiwa, wapo wasimamizi wa bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, wanaopokea malalamiko.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya masika, kila mwanachama aizunguke nyumba yake na ajibu masuala haya: Maji ya bati yanakwenda wapi? Karo liko mbali kiasi gani na msingi? Upande upi umejengwa juu ya kifusi? Ufa upi unazidi milimita 3? Hati ya bima, kama ipo, inasema nini juu ya ardhi? Asiyeweza kuisoma hati yake ailete ofisini, tuisome pamoja. Ya chama tumekwisha isoma, ingawa tumechelewa.

Kutawakali ni wajibu wetu, lakini ngamia hufungwa kwanza.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama