Rivolva Tatu, Kiganja Kimoja

JKT walitupa SMG, tukalala kifudifudi, tukafyatua risasi za kuhesabiwa, basi. Miaka ikapita, nikajikuta Houston nanunua rivolva na kujiona mwenyeji wa mambo hayo. Nilichokuja kujua nilikipata kwa Jumamosi tatu kwenye uwanja wa shabaha, mimi na shemeji yangu, tukiwa na rivolva tatu ambazo mtutu wa kila moja haufiki inchi mbili: ya .22, ya .38 Special na ya .357 Magnum.

1. Namba zinadanganya.

Nilidhani .38 ni nene kuliko .357. Kumbe vichwa vya risasi hizo vina kipenyo kimoja, milimita 9 hivi. Tofauti iko kwenye ganda: la .357, risasi iliyotoka 1935, limerefushwa kama milimita 3, lisije likaingia kwenye bastola ya .38 na kuipasua. Lakini .38 inaingia kwenye .357 bila taabu, na hapo ndipo shemeji alipoponea.

2. Teke hupokewa na uzito wa bastola, kisha na wewe.

.38 yangu ina gramu 400 na ushei. Ya shemeji, ya titani na aloi ya alumini, ina gramu 330 tu. "Shem, hii unaweza kusahau kama umeibeba," aliniambia, na ni kweli, mfukoni huisikii. Basi akaijaza .357 zake tano.

Ya kwanza ilitoa ndimi za moto mpaka jirani yetu akageuka. Mtutu mfupi hauipi baruti nafasi ya kuungua yote ndani, kwa hiyo sehemu ya nguvu uliyoilipia inaishia kuwa mwanga na kelele. Ya pili ikamchubua pale gumba linapokutana na kidole cha shahada. Baada ya ya tatu, kifyatulio kikagoma kabisa. Silinda haizunguki.

Mhudumu alikuja, akaishika bastola ikiwa imeelekea shabaha, akatuonyesha. Kichwa cha risasi ya nne kilikuwa kimechomoza kwenye ganda lake mpaka kikakwama kwenye fremu. Bastola nyepesi ikirushwa nyuma kwa kasi ile, ganda huenda nayo. Kichwa, kwa uzito wake, hubaki. Yaani risasi ilikuwa inang'olewa na teke la wenzake! Siku hiyo hiyo shemeji alinunua boksi la .38.

3. Ya .22 si ya kitoto.

Inabeba nane, wakati zetu zinabeba tano, na teke lake ni kama kupigwa kofi na mtoto mchanga. Kwa mita 7 niliziweka zote nane kwenye eneo la kisahani cha chai, lakini kwa .38 nilihitaji sinia. Ila kifyatulio chake ni kigumu zaidi, kwa sababu kiwashio kimepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo lazima ipige kwa nguvu. Hata hivyo, kwenye boksi la risasi 50, mbili hazikulia. Ukiwa mazoezini, risasi isipolia unabaki umeelekeza mtutu kwenye shabaha, unahesabu hadi thelathini, ndipo unafungua silinda. Mwizi hatakuhesabia.

4. Kosa dogo huwa kubwa.

Vilengeo viwili vimekaribiana mno. Mkono ukitikisika kidogo tu, risasi inakwenda kwingine.

5. Masikio.

Uwanjani weka vizibo, kisha juu yake vifuniko. Nilidharau, nikalala na mlio wa nzi kichwani.

Mimi nimebaki na .38. Boksi la .357 la shemeji liko kwenye kabati lake la chuma, limebaki na risasi 46; hazimo tatu alizofyatua, na ile iliyochomoza tuliyomwachia mhudumu.