SOMO: GARI KUUKUU KABLA YA SAFARI YA NYUMBANI



Ndugu zetu wengi walio kazini Nairobi hujinyima miaka mingi, kisha hununua gari kuukuu ili waje nalo nyumbani Siakago. Gari likiwaka tu, mtu anasema, "Liko sawa, twende!" Hapana. Kuwaka si kusafiri. Kupitia Thika, Makutano na Mwea hadi Embu ni karibu kilomita 130, halafu bado unateremka kuja Siakago kwenye joto. Na ndani ya gari mna mama na watoto.

Basi tujifunze kupanga pesa kidogo tulizo nazo. Rangi na redio zingoje. Anza na haya:

1. BREKI. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kanyaga breki, uishikilie dakika moja. Pedali ikizidi kuzama polepole, kuna mahali panapovuja au masta silinda imechoka. Kisha jaribu kwa mwendo wa chini mahali pasipo watu. Gari likivuta upande mmoja, huenda upande wa pili haushiki. Usitoke hapo bila fundi.

2. TAIRI. Usitazame meno peke yake. Ubavuni tafuta tarakimu 4 za tarehe: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi iliyopita miaka 10 iache, hata ikiwa na meno mazuri, kwa sababu mpira huzeeka. Usisahau spea, jeki na spana.

3. MAJI. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza rejeta. Endesha nusu saa, ngoja ipoe kabisa, uangalie tena. Maji yakipungua, tafuta yanakokwenda. Chomoa na kijiti cha oili: oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na pengine gasketi ya hedi imekwisha. Gari hilo lisisafiri. Na kamwe usifungue rejeta ikiwa moto!

4. MENGINE. Taa zote, indiketa, waipa, mikanda ya kiti, na pembetatu za kuonya wengine ukiharibikiwa. Bima nayo ni lazima kwa sheria.

Yote yakiisha, nenda na fundi hadi Thika na kurudi, bila familia. Mkirudi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, huenda breki imekwama au beringi imekufa.

Je, pesa zikiisha kabla ya kazi kuisha? Watoto waje kwa matatu safari hii, gari libaki. Si aibu. Wazee walisema, kawia ufike.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika gari unalolijua, ni nini hutengenezwa kwanza: breki au rangi? Kwa nini?
2. Tunawezaje kumwambia ndugu kwamba gari lake bado, bila kumvunja moyo?