Injini Ikizimika Mara Baada ya Ndege Kupaa: Mambo ya Kujua Abiria

Wakazi wa Naipingo na maeneo mengine ya Nachingwea na Ruangwa wanaufahamu uwanja wa ndege wa Nachingwea, ambao historia yake inafungamana na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Viwanja vya namna hii aghalabu hutumiwa na ndege ndogo, na nyingi kati ya hizo zina injini moja. Somo hili linaeleza kinachotokea injini hiyo inapozimika ndege ikiwa ndiyo kwanza imeiacha ardhi, pamoja na wajibu na haki za abiria.

Kwa nini rubani hageuki kurudi uwanjani?

Ndege inapopaa, pua yake huelekea juu na mwendo wake bado ni mdogo. Injini ikizimika, mwendo hupungua ndani ya sekunde chache. Hata hivyo, ndege haidondoki kama jiwe: mabawa huendelea kuibeba, mradi mwendo usishuke kupita kiasi. Kwa sababu hiyo rubani huinamisha pua, kisha huchagua mahali pa kutua mbele yake, hata kama ni shambani. Kugeuka nyuma ndege ikiwa chini hupoteza kimo na huweza kuyafanya mabawa yashindwe kuibeba.

Kwa nini abiria na mizigo hupimwa?

Ndege iliyozidishiwa uzito hupaa polepole. Injini ikizimika, rubani hubakiwa na kimo kidogo na muda mfupi wa kuamua. Joto la mchana huzidisha tatizo, kwani hewa ya joto ni nyepesi. Kilo chache za korosho zilizofichwa chini ya kiti hazimo katika hesabu ya rubani, lakini ndege inazibeba. Abiria anayeambiwa aache mzigo hajadharauliwa, amelindwa.

Abiria afanye nini?

1. Aulize, kabla ya kulipa, kama mwenye ndege ana cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.
2. Ataje uzito wa kweli.
3. Asikilize maelezo ya usalama, na ajue mlango ulipo na namna unavyofunguliwa.
4. Afunge mkanda vizuri na kuweka mizigo mahali palipoelekezwa.
5. Hatari ikitokea, ainame na kukinga kichwa, wala asimsemeshe rubani.
6. Ndege ikisimama, atoke haraka na kuacha mizigo.

Agosti 2019, ndege ndogo ilianguka ikipaa katika kisiwa cha Mafia, ikateketea kwa moto. Watu wote waliokuwamo walinusurika. Moto haumsubiri mtu atafute mkoba.

Abiria akiona watu wamezidi idadi ya viti, au mkanda wake haufungiki, ana haki ya kukataa kusafiri na kutoa taarifa kwa Mamlaka. Haki hiyo aitumie ndege ikiwa bado chini.