Somo: Kuitangaza Tovuti katika Mitandao ya Kijamii



Soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hujaa wanunuzi, wengine kutoka Kongo. Mwenye dagaa wazuri akiwaficha nyumbani, nani atamjua? Na tovuti ni vivyo hivyo: ipelekeni sokoni, yaani Facebook, Instagram na WhatsApp. Anwani tupu watu huipita. Tangulizeni picha ya shamba lenu wenyewe, bei na mahali, ndipo anwani ifuate. (Karafuu kavu twapeleka ZSTC; tangazeni mdalasini, iliki na matembezi ya wageni.)

Lakini soko hilo lina mwenyewe. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na aliyekutana na wateja wake huko tu, walimpotea. Kwa hiyo mteja akija, andikeni simu yake daftarini siku ile ile.