Kabla ya Kununua Kifaa cha Kupima Maji ya Samaki

Wafugaji wa samaki wanauziwa vifaa vya kielektroniki vinavyopima oksijeni na joto la maji, kisha kutuma ujumbe kwa simu. Je, vina faida?

Mwenye bwawa la udongo lenye tilapia wachache kwa kawaida hakihitaji. Oksijeni hupungua zaidi kabla ya mapambazuko, kwa kuwa usiku mimea ya majini haiitengenezi bali huitumia. Mfugaji akifika bwawani saa kumi na moja alfajiri akute samaki wakihema juu ya maji, amekwisha kupata jibu: aongeze maji safi na asiwalishe asubuhi hiyo. Mkono ukizamishwa hadi kiwiko na kiganja kisionekane kwa ukijani, asitie mbolea tena.

Mwenye matangi yaliyojaa samaki ana hesabu nyingine. Stima ikipotea na pampu ya hewa izime, samaki wanaweza kufa kabla ya kukucha. Huyu anunue, mradi kifaa kiwe na betri yake, na ncha ya kupimia isafishwe mara kwa mara. Ikishika utelezi husoma uongo. Lakini atangulize jenereta. Bila hiyo, king'ora kitamwamsha tu akashuhudie hasara.