Fundo na Tumbo: Wimbi Lisimamalo kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa sekondari hapa Goma hufundishwa fizikia kwa Kifaransa, kisha akitoka darasani humweleza mwenzake kwa Kiswahili. Hapo ndipo "onde stationnaire" huleta shida. Nimesikia ikifasiriwa "wimbi tuli". Tafsiri hiyo inapotosha, na ili kuona kwa nini, tuangalie kwanza kitu chenyewe.

Chukua uzi wa tano wa gitaa, ule wa la, wenye urefu wa kama sentimita 65. Ukiupiga, mawimbi hukimbia kuelekea ncha zote mbili, hugonga, hurudi yakiwa yamepinduka, kisha hupishana. Mawimbi mawili yanayolingana, moja likienda na jingine likirudi, yakijumlishwa hutoa umbo lisilosafiri. Kuna mahali ambapo moja hupandisha uzi huku jingine likiushusha kwa kiasi kilekile, wakati wote, na uzi hapo hautikisiki. Kifaransa hupaita "nœud", nasi tuna fundo. Katikati ya mafundo mawili uzi hupanda na kushuka kuliko kwingine kote: ni "ventre", yaani tumbo. Istilahi hizi mbili zimetufikia bila kutoa jasho, na sioni sababu ya kubuni nyingine.

Ncha zilizofungwa lazima ziwe mafundo. Basi uzi haupokei kila wimbi, bali yale tu ambayo nusu zake huenea kamili kati ya ncha: nusu moja, mbili, tatu. Ndiyo maana uzi wa la hutoa hezi 110, 220, 330 na kuendelea. Mpiga gitaa akiugusa kidogo katikati bila kuubana, analazimisha fundo pale. 110 hunyamaza, 220 hubaki. Sasa piga hesabu ya kasi: mara mbili ya urefu, mita 1.3, mara 110, ni mita 143 kwa sekunde. Hakuna gari la barabara ya Sake linalofika huko. Utuli uko wapi?

Ziwa nalo hufanya hivyo, ila kwa kinyume. Maji ya ufukweni yako huru kupanda, kwa hiyo ncha za ziwa ni matumbo na fundo hukaa katikati. Upepo ukisukuma maji upande mmoja kisha ukalegea, ziwa zima huyumba kama maji ya beseni lililobebwa kichwani. Kwa Ziwa Kivu, lenye urefu wa kama kilomita 89 na kina cha wastani cha mita 240, kanuni ya kawaida hutoa karibu saa moja kwa myumbo mmoja. Ni makadirio tu, maana kanuni hiyo hulichukulia ziwa kama sanduku, nasi tuna Idjwi katikati. Tanganyika ni ajabu zaidi. Pepo za kusini-mashariki, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini. Zikipungua, mpaka kati ya maji ya moto na ya baridi huyumba kule chini, mzunguko mmoja kwa wiki 3 hadi 4, huku uso wa ziwa ukionyesha kidogo sana.

Wataalamu huuita myumbo wa ziwa "seiche". Ni neno la wakazi wa Ziwa Léman, ambalo Mswisi François-Alphonse Forel alilieneza katika sayansi katika karne ya 19. Hakwenda kuazima Kigiriki. Alichukua neno la watu wa ufukweni. Wavuvi wetu nao wangefaa kuulizwa kabla ya kamusi.

Turudi kwenye jina. Mjerumani Franz Melde, mnamo 1860, alisema "stehende Welle", kwa kitenzi cha kusimama. Mwenzangu mmoja hapa kitivoni anapinga: gari likisimama, safari imekatika. Hoja ni ya haki, lakini inahusu "wimbi lililosimama", ambapo -li- ya wakati uliopita husema jambo limekwisha. "Wimbi lisimamalo" halina alama ya wakati. Husema hali ya kitu, kama mchezaji asimamaye palepale huku mwili wote ukicheza.